Fedha Ndani ya Fedha

Katika Kiswahili neno fedha lina maana mbili, na maana hizo zimekaa nyumba moja kwa muda mrefu hata watu wengi hawaoni tena kwamba ni mbili. Fedha ni madini meupe ambayo sonara huyafua yakawa kikuku, mkufu au kipini. Fedha pia ni kitu chochote kinachopokelewa sokoni kuwa malipo, kiwe chuma, karatasi au tarakimu ndani ya simu. Majina mengine ya kitu hicho hicho hayana utata huu. Pesa ilitoka Bara Hindi ikiwa jina la sarafu ndogo ya shaba. Hela ni sarafu ya Wajerumani. Sumni, yaani nusu shilingi, ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane. Fedha peke yake ndiyo inayotaja kwa neno moja kile kilichomo ndani ya sarafu na kile kilichoandikwa juu yake. Lugha imehifadhi kumbukumbu ya wakati ambapo vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja.

Wakati huo umekwisha, lakini haukwisha kwa siku moja. Katika kipindi cha kutengana, nchi nyingi zilikuwa na sarafu mbili zenye sura moja na thamani moja mbele ya sheria, moja ikiwa na fedha ndani yake na nyingine haina. Hapo ndipo alipozaliwa mtafutaji: mtu anayekwenda benki kuchukua sarafu kwa mafungu, akazichambua moja moja, akabakiza zenye fedha na kuzirudisha zilizobaki. Haibi wala haghushi, na kila senti anailipa. Hata hivyo kazi yake inazusha suala ambalo ni la zamani kuliko benki zote: mtu anayejua kilichomo ndani ya kitu, akakitwaa kutoka kwa asiyejua kwa bei iliyoandikwa juu yake, je, amemdhulumu?

Suala hili laweza kuulizwa popote, walakini Mwanza na ufuko wa Ziwa Victoria ni mahali panapolistahiki. Mji huo umeishi kwa mizani: mizani ya pamba, mizani ya samaki, na sasa mizani ya dhahabu. Tena historia ya fedha katika ufuko huo ni fupi kiasi kwamba hatua zake zote zinaweza kuonekana kwa pamoja.

Kabla ya sarafu, thamani kusini mwa Ziwa ilibebwa na vitu visivyokuwa na maandishi. Wahunzi wa Uzinza, magharibi ya Mwanza, walifua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi, nayo yaliingia katika mahari na katika biashara. Misafara ya pwani ilileta merikani na kaniki, ushanga na masango. Aliyepokea jembe aliweza kulipima kwa mkono, akaligonga asikie mlio wake, na kesho yake akalilimia. Baina ya mjuzi na asiye mjuzi palikuwa na pengo, lakini lilikuwa pengo dogo, maana jembe lilijieleza lenyewe.

Rupia ndiyo iliyoleta maandishi. Rupia ya Hindi, na ile iliyotolewa na Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890, zilikuwa na kipimo kimoja: uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 sehemu 917 ni fedha. Kwa hiyo aliyeishika rupia moja alishika fedha tupu karibu gramu 10.7. Wajerumani walipoanzisha kodi ya kibanda mwaka 1898, hata mtu ambaye hakuwa na biashara yoyote alianza kuihitaji. Hata hivyo rupia nayo ilikuwa bado inajieleza. Masonara wa pwani na wa visiwani waliiyeyusha wakaigeuza mapambo, kama walivyofanya kwa riali ya Maria Theresa, na bibi arusi aliyeivaa alikuwa amevaa akiba yake.

Mwezi wa Julai 1916 Waingereza waliitwaa Mwanza, na mwezi wa Desemba 1919 ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Wakati ule bei ya fedha duniani ilikuwa imepanda kupita kiasi. Mjini London ilifika kilele mwezi wa Februari 1920. Uingereza yenyewe iliteremsha fedha katika sarafu zake mwaka huo kutoka sehemu 925 hadi 500. Afrika Mashariki ikapewa florini ya sehemu 500, na mwaka 1921 ikapewa shilingi yenye uzito wa gramu 7.78, ambayo robo yake tu ndiyo fedha. Rupia ya Hindi ilibadilishwa kwa shilingi mbili. Hesabu yake si ngumu: aliyetoa rupia alitoa fedha gramu 10.7, na katika shilingi mbili akapata gramu 3.9. Unguja na Pemba zilibaki na rupia kwa miaka kumi na mitano zaidi, na zilipoingia katika shilingi tarehe 1 Januari 1936, rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Chuma kile kile, chenye uzito ule ule, kiliitwa shilingi mbili bara na shilingi moja na nusu visiwani.

Hatua ya mwisho ilikuja kimya kimya. Shilingi zilizopigwa tarehe ya 1948 hazikuwa na fedha hata chembe. Zilikuwa za shaba na nikeli. Simba alibaki pale pale mbele ya milima yake, na ukubwa ukabaki ule ule. Mabadiliko ambayo jicho liliweza kuyaona yalikuwa katika tarehe na katika cheo cha mfalme, ambaye baada ya uhuru wa India hakuitwa tena mtawala wa huko. Katika miaka ya 1950, mkulima wa pamba wa Kwimba au Magu aliyehesabiwa malipo yake kwa sarafu aliweza kuzipata shilingi za aina zote mbili mkononi mwake. Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa mwaka 1966 na kutoa sarafu zake, zenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na mwenge, sungura, mbuni na sulisuli upande wa pili, hakuna aliyetazamia kukuta fedha ndani yake, wala haikuwamo.

Maadam ukweli ndio huo, anayeomba mfuko wa sarafu katika benki ya Mwanza leo atapata shilingi 50, 100, 200 na 500, na hatapata fedha. Kazi ya kutafuta fedha katika sarafu za benki ina makao yake kwingine, hasa Marekani. Huko sheria ya mwaka 1965 iliondoa fedha katika sarafu za senti 10 na 25, ambazo hadi zile za tarehe ya 1964 zilikuwa na sehemu 900, na ikaibakiza sehemu 400 katika nusu dola hadi mwaka 1970. Zote zilibaki halali. Sarafu ya senti 25 ya mwaka 1964, yenye fedha tupu gramu 5.6, bado inaweza kununua kitu cha senti 25. Watafutaji huchukua benki sarafu zilizoviringwa kwa karatasi, arubaini katika kila bunda la senti 25, wakatazama kingo zake. Iliyo na mstari wa shaba hurudi, na iliyo nyeupe tupu hubaki.

Afrika Mashariki haikuwa na uchambuzi wa namna hiyo, na sababu yake inafaa kuzingatiwa. Kwa bei za miaka ya 1950, fedha gramu 1.9 iliyokuwamo katika shilingi haikufikia shilingi moja. Mchambuzi angepoteza siku nzima apate kitu chenye thamani pungufu kuliko kilivyoandikwa. Kilichomo kilipokuja kuwa na thamani kuliko kilichoandikwa, sarafu hizo zilikuwa zimekwisha kufutwa, nazo zimelala katika makopo, katika mitungi iliyofukiwa na katika masanduku ya wazee. Kwa hiyo katika ufuko wa Ziwa mtafutaji hakabiliani na dirisha la benki. Anakabiliana na mtu, na tofauti hiyo ndiyo inayobeba uzito wa hoja yote.

Wanafalsafa walilijadili jambo hili zamani. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anataja mjadala baina ya Wastoiki wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater. Mfano mmoja uliomo humo unafanana mno na mkasa wa sarafu: mtu anauza dhahabu huku akidhani anauza shaba ya manjano. Je, mtu mwema amwambie kwamba ni dhahabu, au anunue kwa dinari moja kitu cha dinari elfu? Msimamo wa Diogenes katika mambo kama haya ni kwamba kunyamaza si kuficha. Kama sheria haikumtaka mtu aseme na yeye hakusema uongo, basi hakukosa. Antipater anaamini kwamba watu wamefungwa pamoja na udugu wa ubinadamu, na anayejua ana wajibu wa kumjulisha asiyejua pale ambapo kutojua kunamdhuru.

Kila upande una mashabiki wake barazani. Anayemwunga mkono Diogenes atasema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Atauliza pia: lau kila mwenye elimu angelazimishwa kuigawa bure kabla ya kununua, nani angejisumbua kujifunza? Mtafutaji amesoma tarehe, amekariri vipimo, ameharibu macho yake juu ya vijisarafu. Elimu ni jasho, na jasho lina ujira. Hoja hii si ya kupuuzwa. Soko lisilomlipa mjuzi litabaki bila wajuzi, na vitu vyenye thamani vitaendelea kuyeyushwa na kutupwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kuvitambua.

Njia ya kutoka katika mvutano huu ni kuuliza kwanza kwamba katika kila mauzo kuna ahadi gani, na nani anaibeba. Sarafu halali ni ahadi. Aliyeitoa amesema: kitu hiki kitapokelewa kwa kiasi hiki, bila kujali kimetengenezwa kwa nini. Benki inayotoa bunda la sarafu inatoa ahadi arubaini na kupokea ahadi arubaini. Ina vitabu, ina wataalamu, inajua tarehe za sarafu zake kuliko mtu yeyote. Imeamua kwa hiari yake kuhesabu idadi na kuacha kupima uzito. Mtafutaji anayechambua mabunda hayo hajamchukulia mtu kitu. Hakuna mtu upande wa pili aliyebaki na njaa kwa sababu ya kutojua. Kama amekosa, basi amekosa kwa kumsumbua karani wa dirishani, na hilo ni suala la adabu, halijafika kuwa suala la haki.

Mageuzi ya mwaka 1921 yanathibitisha jambo hilo kwa namna isiyotarajiwa. Anayetazama gramu tu atasema kwamba dola ilikuwa mtafutaji mkubwa kuliko wote, iliyopokea fedha gramu 10.7 na kurudisha gramu 3.9. Lakini bei ya fedha ilikuwa imeanguka vibaya baada ya kilele cha 1920, na shilingi mbili wakati ule zilizidi bei ya fedha iliyokuwamo katika rupia. Bodi ya Sarafu ilizipokea rupia kwa hasara. Yule aliyeikabidhi rupia yake alipoteza uzito na hakupoteza bei. Alichopoteza ni kitu kingine: uwezo wa kuihukumu sarafu kwa mkono na sikio lake mwenyewe. Tangu siku ile aliihitaji dola imwambie kitu alichokishika kina thamani gani, na dola inaweza kubadilisha maneno yake.

Na hapo ndipo suala linapobadilika sura, kwa sababu ahadi hufa. Kutoka katika makopo na masanduku yale na uchukuliwe mfano mmoja: mjane mzee wa Nansio, katika kisiwa cha Ukerewe, ana kopo la shilingi za simba aliloachiwa na mumewe. Ndani yake zimo za 1922, zimo za 1942, zimo za 1952, na labda rupia chache za baba mkwe. Aliambiwa tangu utotoni kwamba akiba haiozi. Lakini akiba hii imeoza kwa upande mmoja: serikali iliyoitoa ahadi haipo, bodi iliyoisimamia haipo, na hakuna duka katika mji mzima litakalompa kibiriti kwa sarafu hizo. Kwa upande wa pili haikuoza hata kidogo, maana madini hayajui kufutwa. Anakuja mnunuzi anayejua mambo yote mawili. Analitazama kopo, anageuza sarafu moja kidoleni, anasema: “Bibi, hii si fedha tena.”

Maneno hayo ni kweli, na kwa maneno hayo amedanganya. Kwa maana moja ya neno fedha, alichokisema hakina kosa: sarafu hiyo hainunui kitu. Kwa maana ya pili ni kinyume cha ukweli, na ni maana hiyo ya pili iliyomtoa mjini akavuka maji mpaka kisiwani. Amechukua neno lenye maana mbili, akamwachia mjane ile iliyokufa na kuondoka na ile iliyo hai. Hata Diogenes hapa hana pa kusimama, kwa kuwa huyu hakunyamaza. Amesema, na amechagua la kusema.

Na akiwa hakusema neno lolote, alilipa alichoombwa na kuondoka? Hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Mjane hakuulizwa, hakuhadaiwa kwa maneno, na pengine amefurahi kupata chochote kwa vitu alivyodhani ni takataka. Inaweza kusemwa kwamba kila mmoja ameondoka na zaidi ya alichokuwa nacho asubuhi. Lakini ridhaa ni kukubali jambo fulani, na mtu hawezi kukubali asichokijua. Mjane ameridhia kuuza sarafu zilizokufa. Hakuulizwa kama anaridhia kuuza madini. Mauzo mawili yamefanyika juu ya mkeka mmoja, na yeye amehudhuria moja tu.

Mafunzo ya Kiislamu ya biashara yanalifahamu jambo hili kupitia mfano wa msafara. Wenye bidhaa wakija kutoka mbali, haifai mtu wa mjini kutoka kwenda kuwalaki njiani na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Na aliyenunuliwa kwa namna hiyo, akifika sokoni, amepewa hiari ya kuuvunja mkataba. Katazo hili halisemi kwamba faida ni haramu, wala halimlazimishi mfanyabiashara kuwa mwalimu wa kila mtu. Linasema kwamba haifai kumkatia mtu njia ya kuijua bei na kufanya biashara palepale alipokatiwa. Aliyekwenda Nansio na kulitumia giza la kopo amefanya kama aliyekwenda kuulaki msafara.

Ufuko wa Ziwa umelijifunza somo hilo kwa gharama kubwa zaidi kuliko ya sarafu. Wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwa miaka mingi juu ya mizani za wanunuzi. Mtu alilima, akapalilia, akachuma, akabeba, na mwisho wa yote alisimama mbele ya mshale asioweza kuusoma, mikononi mwa mtu mwenye haja ya kuusoma vibaya. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, wakulima hao walijenga vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunda shirikisho la Victoria lililojulikana kwa herufi za VFCU, likawa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa barani Afrika. Bei ilikuwa moja ya madai yao. Lakini mizani ilikuja kabla ya bei, kwa sababu bei nzuri juu ya mizani ya uongo ni bei mbaya iliyovaa nguo safi.

Mwezi wa Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu Geita, na mwezi wa Juni 2021 kikazinduliwa Mwanza kiwanda cha kusafisha dhahabu. Serikali ilikuwa na sababu zake za mapato, na hilo si siri. Lakini katika jambo la haki, soko la namna hiyo lina maana iliyo wazi: mchimbaji mdogo anayetoka shimoni na punje ndani ya kitambaa anapata mahali ambapo kuna mizani, kuna kipimo cha usafi na kuna bei iliyobandikwa. Elimu iliyokuwa kichwani mwa dalali imewekwa ukutani. Dalali bado anaweza kupata ujira wake, lakini anaupata kwa kazi yake, hapati tena kwa giza la mwenzake. Zee la kopo halina soko kama hilo. Sarafu kuukuu hazina ofisi wala ubao wa bei, na kwa hiyo ubao pekee alio nao mjane ni ulimi wa yule aliyemjia.

Kutokana na hayo ndipo inapopatikana tofauti ambayo Diogenes hakuitaja, baina ya ujira wa elimu na kodi ya ujinga. Mjuzi anastahiki ujira: nauli ya meli ya kwenda Ukerewe, siku yake iliyopotea, miaka aliyotumia kujifunza, na hatari kwamba kopo linaweza kuwa na shilingi za 1952 tupu. Anaweza kuuhesabu ujira huo na kuutaja mbele ya mwenye mali bila haya. Kodi ya ujinga haiwezi kutajwa. Ukubwa wake unategemea mwenzake ana giza kiasi gani, na ikitajwa tu, mnunuzi amekwisha kuipoteza. Hapa kuna kipimo ambacho hakihitaji kitabu: faida ambayo mtu anaweza kuieleza mbele ya yule inayotoka kwake ni ujira, faida ambayo ingetoweka kwa kuelezwa ni kodi ya ujinga.

Atakuwapo atakayeuliza: kipimo hicho hakimhukumu pia yule wa benki? Kama angemwambia karani kwamba ndani ya mabunda mna fedha, benki si ingezibakiza? Pengine ingezibakiza. Lakini benki hiyo haikukosa pa kujua. Imekosa haja ya kujua. Wajibu wa kusema haumwangukii mtu kwa sababu tu anajua. Unamwangukia pale ambapo yeye ndiye mlango pekee wa mwenzake, na pale ambapo kufungwa kwa mlango huo kunamtoa mwenzake katika haki yake. Mjane hana mlango mwingine, na benki ina milango mingi.

Limebaki jambo moja, nalo ni la mashine. Mashine za kuhesabia sarafu, ambazo sehemu nyingi duniani zimechukua kazi ya mikono, hupima kipenyo, unene, uzito, na namna chuma kinavyopitisha umeme. Fedha hupitisha umeme kuliko madini mengine yote. Kwa hiyo mashine iliyofunzwa kuijua shaba na nikeli, ikipewa sarafu ya fedha, mara nyingi huikataa na kuitupa katika kikapu cha makosa pamoja na vifungo vya nguo na sarafu za kigeni. Watafutaji wanalijua hilo, na wengine hawatazami kwingine ila katika kikapu hicho. Mashine haikosei kwa kazi iliyopewa. Imeambiwa itafute kilicho sawa, na kilicho bora hakiko sawa.

Mtu anayejizoeza kuchambua sarafu hukabiliwa na hatari ya namna hiyo hiyo kwa upande wa pili. Jicho lake hujifunza kuona fedha na kuacha kuona kingine. Shilingi ya 1952, isiyo na chembe ya fedha, huirudisha ndani ya kopo kama pumba. Lakini shilingi hiyo ilikuwa pengine malipo ya kilo za pamba zilizobebwa kichwani hadi kituoni, au ada ya mwanafunzi, au posa ya binti. Jasho lililoilipia halikupungua kwa sababu Bodi ya Sarafu iliamua kuondoa fedha. Kama thamani ni kile kilichomo ndani ya chuma peke yake, basi mume wa mjane alifanya kazi nusu ya umri wake kwa bure. Hakuna mtu mwenye akili atakayelikubali hilo, hata mtafutaji mwenyewe, maana naye hulipwa kwa karatasi.

Kwa hiyo hukumu ina pande mbili. Anayepekua mabunda ya benki ana haki ya anachokikuta, na asisumbuliwe kwa hilo. Anayekwenda Ukerewe, Sengerema au Musoma kununua makopo ya wazee ana deni analotakiwa kulilipa kabla ya kutoa pesa yoyote, nalo ni dogo, kwa kuwa linalipwa kwa pumzi moja. Atenge sarafu mafungu mawili juu ya mkeka, aonyeshe fungu la kwanza na kusema: “Bibi, hii si fedha tena, lakini ndani yake mna fedha.” Kisha aseme anataka ujira gani kwa kuijua tofauti hiyo, na amwache mwenye mali aamue. Huenda mjane akakataa kuuza, huenda akampigia simu mjukuu wake aliyeko Mwanza aulize kwa sonara, huenda akauza papo hapo kwa bei ya kwanza. Lolote atakaloamua, atakuwa ameliamua mwenyewe.